Mshale unayumba: mshale mtupu, karatasi, gunia la karibu au kamera?

Mshale unaoruka vizuri huuoni njiani. Unasikia upote, yaani kamba ya upinde, kisha unasikia gunia unalolipiga, basi. Ukianza kuuona hewani, mkia ukitikisika kama wa samaki au ukipanda na kushuka, ujue kuna jambo, na swali linakuja lenyewe: ni mshale, ni upinde, au ni mimi?

Kwa wanaopiga upinde wa jadi, yaani upinde usio na kapi wala kilengeo, mshale ukilala kwenye kikalio cha mbao juu ya kishikio na upote ukishikwa kwa vidole vitupu, ziko njia nne za kutafuta jibu ambazo nimezitumia zote. Kuna mshale mtupu, yaani mshale usio na manyoya. Kuna kupiga kupitia karatasi. Kuna kupiga gunia lililo karibu bila kulenga. Na kuna kamera ya simu. Nazilinganisha kwa sababu naona watu wakichagua ile iliyo rahisi kuandaa, halafu wanashangaa mbona haijibu. Haijibu kwa sababu kila njia ina swali lake. Mbili zinamhoji mshale, mbili zinamhoji mpigaji, na kazi yako ya kwanza ni kujua nani wa kuhojiwa.

Kila niandikapo kulia na kushoto hapa, nazungumza na anayevuta kwa mkono wa kulia. Anayevuta kwa kushoto ageuze.

Kinachotokea ukiachia

Mshale umelala upande wa kushoto wa upinde, si katikati. Vidole vinapofunguka, upote hauendi mbele moja kwa moja. Unateleza kwanza pembeni ya ncha za vidole, kisha unarudi. Wakati huohuo unausukuma mshale kwa nyuma kwa nguvu nyingi sana ghafla. Mshale unapinda. Unapinda huku, unapinda kule, na kwa kupinda huko mkia unakikwepa kishikio bila kukigusa. Watu walibishana muda mrefu kama ni kweli, hadi filamu za kasi kubwa alizopiga mwanafizikia Clarence Hickman huko Marekani miaka ya 1930 zilipoonyesha mshale ukijikunja kupita upinde.

Kwa hiyo ugumu wa mshale ndio kiini cha habari yote. Mshale mgumu kupita kiasi haujikunji vya kutosha, unasukumwa kushoto. Mshale laini kupita kiasi unajikunja mno, unaishia kulia. Ugumu huo hupimwa kwa kuuegemeza mshale kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha katikati unaning'inizwa uzito wa paundi 1.94, kama gramu 880. Ukibonyea nusu inchi unaitwa 500, ukibonyea inchi 0.4 unaitwa 400. Namba ndogo, mshale mgumu. Mishale ya mbao ina kipimo chake cha zamani: nguzo zinaachana inchi 26, uzito ni paundi 2, na 26 hugawanywa kwa kiasi mshale ulichobonyea, hapo namba kubwa ndiyo mshale mgumu. Nimeona mtu akichanganya hesabu hizi mbili na kununua kinyume cha alichohitaji, kwa hiyo ziangalie mara mbili.

Lakini mshale uliotulia kwenye nguzo si sawa na mshale unaoruka. Ukiongeza uzito mbele, unaruka kama mshale laini zaidi. Ukiukata mfupi, unaruka kama mgumu zaidi. Ukivuta upinde pungufu kwa inchi moja, unaupunguzia msukumo, pinde nyingi hupoteza paundi 2 hadi 3 hapo, na mshale uleule uliokuwa sawa jana unaruka leo kama mgumu. Shikilia hilo la mwisho, maana ndilo linalowapoteza watu. Kosa la mwili linaweza kuvaa sura ya kosa la mshale, na shabaha yako haitakuambia tofauti.

Mshale mtupu: jaji mkali, ila anahitaji shahidi anayesema kauli moja

Chukua mishale sita inayolingana urefu, uzito na ugumu. Miwili iondolee manyoya. Manyoya kazi yake ni kuukokota mkia urudi kwenye mstari, kwa hiyo mshale usio nayo hauna wa kuufichia aibu: jinsi ulivyotoka kwenye upinde ndivyo utakavyoendelea. Wengine huzungushia utepe kidogo mkiani kufidia uzito wa manyoya. Ni jambo jema, ingawa halibadilishi picha kubwa.

Kabla ya yote, kagua wano, yaani kijiti chenyewe cha mshale. Mshale wa kaboni ukunje taratibu pande zote, uzungushe, usikilize kama unatoa mlio wa kukatika. Mshale uliopasuka ukivunjika wakati wa kuachia, vijiti vyake vinaingia kwenye mkono wako unaoshika upinde. Halafu hakikisha nyuma ya shabaha kuna ukuta au ukingo wa udongo, maana mshale mtupu usiolingana na upinde unaweza kwenda usikotegemea. Anza mita 5. Ukiona unatulia, nenda mita 10, kisha 18. Usianze mbali.

Piga minne yenye manyoya kwanza, kisha mitupu miwili, ukilenga palepale. Linganisha mahali ilipotua. Wengi huangalia mshale mtupu umeinama vipi kwenye sponji ya shabaha. Mimi siuamini sana huo mwinamo, kwa sababu sponji iliyochoka, yenye matundu ya zamani, huupotosha mshale unapoingia. Mahali ulipotua hapasemi uongo kirahisi hivyo.

Soma juu na chini kabla ya kulia na kushoto. Mtupu ukitua chini ya wenye manyoya, alama ya kupachikia mshale kwenye upote iko juu mno. Ukitua juu, alama iko chini mno. Sogeza milimita moja au mbili, piga tena. Kuna mtego hapa: alama ikiwa chini mno, mkia wa mshale unaweza kudunda kwenye kikalio na kurushwa juu, ukadhani alama iko juu mno, ukaishusha tena, na kila unavyoishusha mambo yanazidi kuwa mabaya. Dawa ni kuanza na alama iliyo juu waziwazi, kisha kushuka kidogokidogo hadi mtupu na wenye manyoya vilingane kwa kimo.

Hapo sasa geukia pembeni. Mtupu ukitua kushoto ya wenye manyoya, mshale ni mgumu kwa upinde huo. Ukitua kulia, ni laini. Kwa mshale mgumu ongeza uzito wa chembe, yaani ncha ya mbele ya mshale. Kwa laini punguza, au kata mshale milimita tano tano. Mimi huanza na chembe daima, kwa sababu chembe hurudishwa na kipande kilichokatwa hakirudishwi.

Mtego wa pili: mshale mgumu mno unaweza kugonga ubavu wa kishikio kwa mkia wake, mkia ukatupwa kushoto, na ukaonekana kama mshale laini. Ukiona unapunguza uzito na mambo hayafuati, paka poda au chaki kwenye ubavu wa kishikio, piga mshale mmoja, uangalie kama umeachwa mkwaruzo. Alama ya mguso ikiwepo, usomaji wako wote wa kulia na kushoto uweke kando hadi uiondoe.

Sasa udhaifu wa njia hii, nao ni mkubwa. Mshale mtupu unakuza kosa lolote, likiwemo la mkono wako. Vidole vikiachia vibaya mara moja tu, mtupu unapotea futi nzima. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: piga mitupu mara tatu, mizunguko mitatu. Ikitua upande uleule kila mara, una habari kuhusu mshale na upinde. Ikitua mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja chini, usiguse kitu chochote kwenye upinde. Usinunue chembe, usikate, usisogeze alama. Hiyo ni habari kuhusu mkono, na mkono hautengenezwi kwa msumeno.

Karatasi: ya haraka, lakini si ya vidole

Fremu, karatasi iliyotanuliwa vizuri, wewe umesimama kama mita 2 kutoka kwenye karatasi, na gunia nyuma yake kwa umbali unaouacha mshale wote upite kabla haujagonga. Karatasi inabaki na tundu la chembe na mchaniko wa manyoya. Mchaniko wa mkia ukiwa kulia kwa tundu, mshale unaonyesha ugumu. Ukiwa kushoto, ulaini. Ukiwa juu, alama ya kupachikia iko juu. Ukiwa chini, iko chini.

Inavutia. Unaweza kuubandika ukutani, ukaandika tarehe, ukalinganisha wiki ijayo. Ndiyo maana watu wanaipenda.

Ila karatasi ilipata sifa yake kwa wenye pinde za kapi wanaoachia kwa kifaa cha kufyatulia, ambako upote hautelezi pembeni kama kwenye vidole. Kwetu sisi mshale bado unajikunja huku na kule unapopita mita 2. Karatasi inaukamata katika sehemu moja tu ya ule mkunjo. Rudi nyuma hatua moja, piga tena, na mchaniko uliokuwa kulia unaweza kuhamia kushoto bila chochote kubadilika. Zaidi ya hapo, mshale wenye manyoya makubwa umeshaanza kurekebishwa nayo kabla haujafika.

Basi ukilinganisha na mshale mtupu: kwa juu na chini karatasi inatosha na inakuokolea muda, kwa sababu mkunjo wa mshale uko zaidi pembeni kuliko wima. Kwa kulia na kushoto, niliacha kuitegemea. Tundu safi la mviringo katika mita 2 linafurahisha macho, lakini nimewahi kulipata kwa mishale ambayo mitupu yake, mita 18, ilitua kushoto kiganja kizima. Kama huna nafasi ya mita 10 salama na unachotaka ni kujua tu kama kuna kasoro kubwa, itumie, na upige kwa umbali mitatu tofauti kabla hujaamua lolote.

Gunia la karibu: hapa anahojiwa mpigaji

Simama mita 2 au 3 mbele ya gunia kubwa. Hakuna duara, hakuna alama. Vuta, tulia mkono mahali pake shavuni, fumba macho, achia. Huwezi kukosa, kwa hiyo akili inaacha kuwaza shabaha na inabaki na mwili.

Njia hii haikuambii lolote kuhusu ugumu wa mshale. Inakuambia jinsi unavyoachia. Mkono wa kuvutia unapaswa kurudi nyuma ukipapasa shavu, ncha za vidole ziishie karibu na sikio au nyuma yake. Ukiruka nje, mbali na uso, kama mtu aliyepiga kinanda, umeunyofoa upote pembeni, na mshale mara nyingi utakwenda kushoto. Mkono wa kuvutia ukisonga mbele kabla ya kuachia, hata kwa upana wa kidole, mgongo umelegea. Mshale unapoteza msukumo, unatua chini, na unajifanya mgumu. Mkono wa upinde ukishuka mara tu vidole vinapofunguka, kwa hamu ya kuona mshale umefika wapi, unatua chini pia, ila kwa sababu nyingine kabisa. Ndiyo maana kusoma shabaha peke yake hakutoshi.

Kishikio nacho kina lake. Ukikikandamiza kwa sehemu ya chini ya kiganja siku moja, na kwa tako la kidole gumba siku nyingine, upinde unasukumwa mahali tofauti na mishale inapanda na kushuka kama vile alama ya kupachikia inahama. Ukikibana kwa vidole vyote, upinde unajizungusha unapoachia. Vidole vya kuvutia vikiubana mkia wa mshale katikati yao, mshale unanyanyuka kwenye kikalio au unapinda kabla hata hujaachia. Haya yote unayahisi ukiwa umefumba macho. Ukiwa unalenga, huyahisi.

Ubaya wake? Inachosha, na haina alama ya kukupongeza. Mishale 30 kwa siku kwa wiki mbili bila kuona shabaha ni kazi ya uvumilivu. Halafu kuna hatari ya kweli: ukiwa peke yako unaweza kulizoeza kosa hadi likawa tabia, kwa sababu mwili huzoea upesi kuhisi kosa kuwa ndiyo sawa. Gunia la karibu bila jicho la pili ni nusu ya kazi.

Kamera: jicho la pili

Simu uliyo nayo inatosha, ila ujue inaweza nini. Mshale wa upinde wa jadi unatoka kwa kasi ya kama mita 50 kwa sekunde, na tangu vidole vifunguke hadi mshale uuache upote ni kama sehemu 20 za elfu ya sekunde. Video ya kawaida yenye picha 30 kwa sekunde ina pengo la sehemu 33 za elfu kati ya picha na picha, yaani tukio zima linaweza kupita katikati. Ukiweka picha 240 kwa sekunde unapata picha nne au tano hivi. Utaona kivuli cha mkunjo, hutaweza kupima chochote. Kwa hiyo usiitumie kamera kumhoji mshale. Mrekodi mwanadamu.

Iweke sehemu mbili. Kwanza pembeni, mbele ya kifua chako, kwa kimo cha mshale, ili uone umevuta hadi wapi na kama mkono ulisonga mbele kabla ya kuachia. Kisha nyuma yako, kwenye mstari wa mshale, uone kama kiwiko cha mkono wa kuvutia kimejipanga na mshale au kimebaki nje, na mkono unarukia wapi. Bandika utepe mdogo mweupe kwenye wano, pale unapofika mbele ya upinde ukiwa umevuta kamili. Utepe huo ndio utakaokupa ukweli.

Nami ulinipa. Kwa karibu miezi minne mishale yangu mitupu ilikuwa ikitua kushoto, kila kipindi, bila kukosa. Nilikuwa na ile kanuni ya mizunguko mitatu na niliifuata: upande uleule, kwa hiyo ni mshale. Nikatoka chembe cha greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) nikaenda 125, nikaona nafuu. Nikaenda 145, ikawa karibu sawa. Kisha asubuhi moja nikapiga nikiwa nimepumzika vizuri, na mitupu yote miwili ikatua kulia. Jioni yake ikarudi kushoto. Niliweka simu kwenye kiti, nikabandika utepe, nikapiga mishale kumi na miwili bila kuangalia. Katika mitatu ya kwanza utepe ulifika mbele ya upinde. Kuanzia wa nne ulikuwa ukisimama nje, na kufikia wa nane ulikuwa umebaki nje kwa upana wa vidole viwili. Mkono ulikuwa ukifika shavuni vilevile. Kichwa changu ndicho kilichokuwa kikisogea mbele kuufuata. Nilihisi nimefika kwa sababu nilihisi kidole kikigusa pembe ya mdomo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kanuni ya "kosa linalojirudia ni la mshale" ina shimo. Mwili nao unaweza kukosea kwa uaminifu, siku baada ya siku. Mishale ile mizito mbele niliirudisha kwenye greni 100 na 125, nikashughulikia shingo. Tangu siku ile, kabla ya kupima mshale mtupu wowote, nafanya kikao kimoja cha kamera na utepe. Ni dakika kumi.

Basi uanze na ipi

Kama upinde ni mpya, au umebadilisha upote, usianze na yoyote kati ya hizo nne. Pima nafasi kati ya upote na sehemu ya ndani kabisa ya kishikio. Pinde nyingi zenye ncha zilizopinda mbele hukaa kwenye inchi 7 hadi 8, pinde ndefu zilizonyooka inchi 6 hadi 7, na maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Upote mpya hutanuka, nafasi inapungua, upinde unapiga kelele, manyoya yanakwaruza, na wewe unaanza kulaumu mishale. Usokote upote mizunguko michache uirudishe. Angalia pia mkia unavyoshika: mshale upachikwe uning'inie wenyewe, na uanguke ukiugonga upote kwa kidole. Ukibana zaidi ya hapo, kila jaribio litakudanganya.

Mishale ikitawanyika ovyo, leo huku kesho kule, chaguo ni gunia la karibu pamoja na kamera, hata kama una hamu ya kufungua kisanduku cha vyembe. Mshale mtupu katika hali hiyo utakuongezea kelele tu. Nawaambia hivi zaidi wale walioanza miezi mitatu iliyopita, maana mara nyingi wanaambiwa mishale yao haifai. Inaweza kweli kuwa haifai kabisa, lakini mkono wao bado hauwezi kuithibitisha. Wanunue mishale ya kadiri, yenye manyoya makubwa ya ndege, maana manyoya halisi hujikunja yanapogusa kikalio na ya plastiki hupiga teke. Wapige gunia.

Mishale ikikusanyika vizuri lakini kundi lote liko kushoto au kulia, kamera kwanza kwa kikao kimoja kuhakikisha unavuta hadi mwisho, kisha mshale mtupu. Hapa mshale mtupu hauna mpinzani. Manyoya makubwa ya inchi 5 yanaweza kuuficha mshale usiolingana hadi mita 15, ukaridhika, kisha ukirudi mita 30 kundi likapasuka. Mtupu anakuambia mapema.

Mkia ukipanda na kushuka hewani, lakini pembeni hakuna neno, karatasi ni nzuri: dakika tano za kusogeza alama na umemaliza. Kama baada ya hapo mkia bado unapanda, angalia vidole. Wanaoshika na vidole vyote vitatu chini ya mshale wanahitaji alama iliyo juu kidogo kuliko wanaoweka kidole kimoja juu, na wengi hubadilisha mshiko bila kubadilisha alama.

Kuna hali moja ambayo hakuna jaribio la mshale linaloigusa, nami naisema kwa uzito kwa sababu inawaondoa watu wazuri kwenye mchezo huu. Mbele ya gunia tupu unavuta kamili, unatulia, unaachia kama maji. Mtu akibandika duara tu, mkono unafyatua kabla haujafika shavuni, na huwezi kuuzuia. Ukilinganisha video mbili, moja ya gunia tupu na moja ya duara, utaona wapigaji wawili tofauti. Hiyo ni hofu ya shabaha, na mishale yako itaonekana migumu siku zote kwa sababu huivuti hadi mwisho. Usiguse vifaa. Rudi kwenye gunia, kisha weka duara na uvute kamili, utulie ukihesabu hadi tatu, halafu urudishe upote taratibu bila kuachia. Fanya hivyo mara kumi kwa kila mshale mmoja unaoupiga. Mkono ujifunze upya kwamba kuliona duara si amri ya kufyatua.

Na siku mitupu miwili itakapotua ndani ya kundi la minne yenye manyoya, mita 18, vikao vitatu mfululizo, chukua kalamu. Andika nafasi ya upote na kishikio, kimo cha alama ya kupachikia, urefu wa mshale, uzito wa chembe, na mahali utepe ulipofika. Siku mambo yatakapoharibika tena, pima hivyo vitano kabla hujapiga mshale hata mmoja.